Miaka Saba Iliyokatwa

Newtown,
Birmingham,
Uingereza.

Jumatano, 19 Novemba 2025

Mpendwa Shemeji Ogutu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba lile goti limepata nafuu. Mama mkwe anakula? Nimeambiwa tangu apewe habari anakunywa uji tu, na kwamba kila asubuhi anauliza upya ni nani aliyekufa. Msichoke kumjibu. Na mvua je, imefika Muhoroni, au miwa imekauka tena mwaka huu? Nauliza yote haya kwa sababu nililelewa kuuliza hali ya mtu kabla ya kumwambia lolote, na leo nina maneno ambayo yasipotanguliwa na salamu yatakuwa matusi.

Mimi nipo. Nywele zimeisha, kucha zimekuwa nyeusi, na kila ninachokula kina ladha ya sufuria iliyoungua. Binti yetu Audrey ananitunza kadiri anavyojua. Jirani yangu Deeqa, yule Msomali wa Garissa tuliyefanya kazi pamoja kwenye nyumba ya wazee kule Moseley, huniletea supu kila siku na kusimama mlangoni mpaka niimalize. Kwa upande huo sina malalamiko.

Naandika kwa mkono, na barua hii ataibeba mwanangu Oliver mwenyewe akupe mkononi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu, miaka ishirini na saba baada ya kuolewa kwenu, bado ni cha kusalimia na kuomba chumvi, na wewe Kikipsigis hukutaka hata kujifunza hiyo chumvi. Ningepiga simu. Lakini tulipigiana Jumapili na unakumbuka jinsi mazungumzo yale yalivyokwisha. Ulikata. Barua hutaweza kuikata katikati, utaisoma mpaka chini, hata kama ni kwa kutaka kujua tu nimekusema kiasi gani.

Kwanza nimalize hili la mimi kutokuja kumzika mume wangu Onyango. Nimesikia yanayosemwa hapo nyumbani: kwamba mwanamke wa Kericho ameona Ulaya tamu, kwamba mjane gani huyo anayetuma jeneza kama mzigo. Shemeji, dawa hizi za saratani zimemaliza kinga yangu yote. Daktari amenikataza hata kupanda basi, sembuse ndege. Kikohozi cha mtoto mmoja kinatosha kunilaza. Ijumaa hii, Oliver akiwa uwanja wa ndege na baba yake, mimi nitakuwa kwenye kiti cha hospitali nimechomekwa dripu ya tano. Unafikiri hivyo ndivyo nilivyochagua? Atashushwa kaburini Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa nami nikitazama kwenye simu, picha ikikatikakatika. Anayetaka kunisengenya na aendelee. Lakini wewe ndiye mkubwa wa boma, ulipaswa kuwanyamazisha, na hukuwanyamazisha.

Sasa nije kwenye damu. Najua Oliver alikueleza kwa simu, lakini Kiswahili cha Oliver unakijua, anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, na nadhani ulitoka pale ukiamini nilipimwa ukimwi.

Mwezi wa pili mwaka huu nililetewa barua. Kuna utafiti ulikuwa ukifanywa huku, wanataka watu waliotimiza miaka hamsini, wanaojiona wazima, wakubali kutolewa damu kidogo. Majina wanayatoa kwenye kumbukumbu za kliniki kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa. Mimi ni wa sabini na mbili, kwa hiyo jina langu likatoka. Ilikuja bahasha moja. Onyango aliiokota mlangoni, akaisoma, akaniambia, "Gertrude, wazee mmeitwa." Tukacheka. Kwenye karatasi, unajua, mimi ni mkubwa wa mume wangu kwa miaka mitatu, na madereva wenzake walikuwa wakimtania kwamba ameoa mama. Huo ulikuwa utani wetu wa nyumbani miaka yote. Leo siwezi kuutamka.

Walikuwa wameegesha gari kubwa kwenye uwanja wa magari wa duka, ndani yake kumepangwa viti na mapazia kama zahanati. Siku hiyo Onyango alikuwa mapumzikoni, basi lake la Sparkhill aliliendesha mwingine, akanipeleka mwenyewe. Alibaki kwenye gari letu akisikiliza mpira. Nesi aliyenitoa damu anaitwa Harpreet, mama mwenye mkono mwepesi, na nilipomwambia kwamba mimi pia kazi yangu ni kuhudumia wazee, alikaa akanieleza vizuri.

Nikueleze kama alivyonieleza. Kila siku seli za mwili zinakufa na nyingine zinazaliwa. Seli ikifa inamomonyoka, na vipande vya vinasaba vyake, hiyo DNA wanayoisema kwenye redio, vinaingia kwenye damu na kuzunguka nayo kwa muda kabla ya mwili kuvisafisha. Seli za saratani nazo zinakufa, nazo zinaacha vipande vyake, ila vyake vina alama zisizofanana na za wenzao. Ni kama kitambaa cha meza baada ya wageni kuondoka: ukiangalia makombo utajua nani alikula chapati na nani alikula samaki, hata kama hukuwepo. Mashine inasoma makombo hayo. Ikikuta ya saratani inasema ipo, na mara nyingi inasema imetoka kiungo gani, wakati mwenye mwili hasikii hata kichomi. Harpreet hakunificha kwamba inakosea pia. Inaweza kuona kisichokuwepo, na inaweza kupitwa na kilichopo.

Mwezi wa nne wakanipigia simu. Wakasema kuna ishara imeonekana, na inaelekea ni kwenye ovari, pale mayai ya mwanamke yanapotengenezwa. Nilikuwa nimesimama jikoni nakata sukuma wiki, sina maumivu, sina homa, nimepanda ngazi za gorofa nne bila kupumzika. Wakanipiga picha za kila aina, na kweli ilikuwepo, ndogo. Mwezi wa saba wakanipasua wakaitoa. Dkt. Arvind, anayenitibu, aliniambia kwamba ningengoja mpaka mwili wenyewe uanze kulalamika, tungekuwa tunazungumza mambo mengine kabisa.

Onyango alifurahi mno. Alikwenda Sparkhill akanunua mguu mzima wa mbuzi, akamwita Deeqa na watu wa kanisa. Akasimama na sahani mkononi akasema, "Damu yake mwenyewe imemsengenya, na mimi nawashukuru wasengenyaji." Watu walicheka mpaka wakakohoa. Alikuwa amekonda siku hiyo. Shati lilimning'inia mabegani na mimi nililiona kwa macho haya, nikadhani ni kwa sababu mke ni mgonjwa na anajipikia mwenyewe. Alikuwa akilalamika mgongo tangu Krismasi. Nikamwambia ni kile kiti cha basi.

Mwezi wa nane Deeqa alikuja na supu yake, akamtazama Onyango, akaniita jikoni akafunga mlango.

"Mama Oliver, macho ya mzee yamekuwa manjano. Wallahi wewe huoni?"

Sikuwa nimeona. Miezi minne nilikuwa ninajitazama mwenyewe.

Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Madaktari hawakuzungumza habari za kupasua. Waliongea kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo mimi mwenyewe nimeitumia kwa ndugu za wazee ninaowahudumia, na nilijua maana yake kabla hawajamaliza sentensi. Dkt. Arvind alifungua faili, akasoma, akatikisa kichwa. "Forty-nine. That's very young for this, Mr Onyango." Kusikia ni mdogo mno kwa ugonjwa huo, mume wangu akageukia ukuta.

Nje kwenye ujia nilimshika yule daktari mkono. Nikamuuliza kama ile damu ingepimwa mwezi wa tatu, kama yangu, ingeonyesha. Akasema, "Possibly. I can't tell you more than that." Labda. Hakutaka kunidanganya, ni mtu mwema. Lakini afadhali angenidanganya, kwa sababu sasa ninaamka na neno hilo, ninakunywa nalo dawa, na watu wa kanisa husimama mlangoni na kuniambia nina bahati, Mungu ni mwema. Nawaitikia amina. Ninachotaka ni kuwatupia viti.

Na hapa ndipo ninapokuja kwako, Mwalimu.

Mwaka wa tisini na moja ulikuwa mwalimu wa michezo na timu yako haikuwa na kipa. Mdogo wako alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule alikuwa ameiacha zamani, anapima miwa kwenye mizani ya kiwanda, na Jumamosi anaidakia timu ya wafanyakazi. Wewe ukamwendea chifu, ukaenda kwa msajili, ukarudi na cheti cha kuzaliwa cha mvulana wa miaka kumi na mitano, amezaliwa tarehe kumi na mbili Desemba 1975. Ukamvisha kaptura. Yeye mwenyewe alinisimulia jinsi alivyokuwa akinyoa ndevu mara mbili kwa siku wakati wa mashindano, na jinsi refa mmoja alivyompa mkono akamuuliza watoto wake hawajambo. Mlifika fainali za mkoa. Shule ikapata kombe, wewe ukawa naibu wa mwalimu mkuu.

Sitasema uongo, miaka hiyo saba na ushei uliyomkata ilimpa kitu. Bila hiyo asingerudi darasani, asingepata cheti cha kidato cha nne, asingekuja Kericho kutafuta kazi ya ukarani, na mimi ningeolewa na mtu mwingine. Alikushukuru maisha yake yote. Mbele ya watoto alikuita baba yake wa pili. Ndiyo maana hasira yangu hainikai sawasawa, nikiishika huku inanitoka kule.

Lakini cheti kile hakikubaki uwanjani. Kiliingia kwenye kitambulisho, kikaingia kwenye pasipoti, kikaingia kwenye viza, kikaingia kwenye uraia, kikaingia kwenye kliniki. Kila mlango alioufikia, yule mvulana wako wa miaka kumi na mitano alikuwa ameshatangulia. Na kompyuta ya kliniki ilipotafuta waliotimiza hamsini katika nyumba hii, ilimpata mtu mmoja tu, na alikuwa mdogo kuliko mwenzake kwa miaka minne. Mume wangu alikufa na miaka hamsini na saba, na hakuwahi kufikisha hamsini. Angeifikisha tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Sitashangaa mwakani barua yenye jina lake ikiangushwa mlangoni.

Mwezi wa kumi, alipoona hali inamzidi, aliwaita watoto kitandani akawaambia. Nilidhani Oliver angekasirika. Aliuliza tu:

"Wait, Dad. So you're fifty-seven?"

"Fifty-seven na miezi mitano," Onyango akasema.

Audrey ndiye aliyelia. Kadi zote za birthday alizomchorea tangu akiwa chekechea zilikuwa za mwezi usiokuwa wake. Wakatoka, nikabaki naye peke yangu, akaniambia kwa Kiswahili chetu kile cha Kericho: "Mama Oliver, nimetembea na miaka ya kupunguzwa mpaka nimechoka. Kaburini nipelekeni na miaka yangu yote." Hakuomba kingine. Hakuomba ng'ombe, hakuomba kwaya, hakuomba hata nimvalishe ile suti ya kijivu anayoipenda. Mwishoni alilala siku tatu bila kusema, na tarehe sita mwezi huu, Alhamisi baada ya chai, akaacha kupumua huku nikimpaka mafuta miguuni.

Nilipokwenda kuandikisha kifo, msajili aliniuliza tarehe ya kuzaliwa. Nikasema 1975. Nikatia sahihi. Nilifanya hivyo kwa sababu jeneza lisingeruhusiwa kusafiri kama karatasi zisingepatana na pasipoti, na watu wa ndege hawana muda na hadithi za kipa. Kwa hiyo serikali ya huku imemwandika kwa umri wa uongo, na ya huko itamwandika hivyo hivyo. Mahali palipobaki pa kuandika ukweli ni kwenye msalaba.

Halafu Jumapili ukanitumia programu ya mazishi. Picha yake umeichagua vizuri, ile akiwa ameshika usukani anacheka. Chini yake: kuzaliwa 12 Desemba 1975. Ukatuma na picha ya msalaba, fundi ameshaupiga randa na kuupaka rangi nyeupe, anasubiri maneno. Nikakupigia kukueleza alichoomba ndugu yako. Ukanijibu, "Shemeji, mambo ya makaratasi yaache yalivyo. Marehemu hasomi msalaba." Ndipo ukakata.

Kweli, marehemu hasomi. Wanaosoma ni watu wa ofisi ya elimu watakaokuja kuketi kwenye viti vya mbele. Mimi si mtoto, Mwalimu Mkuu. Najua kwenye faili lako umezaliwa mwaka wa sitini na saba, na najua dada yenu Perpetua yuko katikati yenu nyinyi wawili. Tukiandika kwamba Onyango ni wa sitini na nane, mtu yeyote mwenye vidole atataka kujua mama yenu aliwezaje kuwazaa watatu kwa miaka miwili. Una miaka sitini na minne. Wenzako uliosoma nao wamestaafu wanafuga kuku, wewe bado unakagua gwaride la asubuhi. Kwa hiyo ndugu yako alale na uongo milele ili wewe uendelee kukalia kile kiti. Niambie kama nimekusingizia. Nikiwa nimekusingizia nitakuomba msamaha kwa magoti, mbele ya kanisa lenu zima.

Tena si kiti chako tu kilichomo humu. Watoto wa mtu aliyekufa kwa saratani kama hii wanaulizwa kila wanapokwenda: baba yenu aliugua akiwa na miaka mingapi? Madaktari wanaupima umri huo wanapoamua wawachunguze lini na vipi. Audrey akisema arobaini na tisa, atawapoteza. Akisema hamsini na saba, msalaba wa baba yake utamsuta. Mtoto huyo ana miaka ishirini na mmoja. Asibebeshwe cheti chako.

Ombi langu ni hili. Ndani ya bahasha utakuta kadi yake ya ubatizo. Nimeitoa kwenye Biblia yake, imekunjika na wino umefifia, lakini bado inasomeka: amezaliwa tarehe nne Mei 1968, na padri ametia sahihi. Ipeleke kwa fundi aandike kilichomo. Programu ichapwe upya. Ukiona huwezi, usimtume mtu, mwambie Oliver mwenyewe usoni kwamba huwezi, na useme sababu.

Na wewe nenda ukapimwe. Sijui huko kwenu wana vipimo gani, pimwa kwa chochote walicho nacho, na daktari akikuuliza umri mwambie sitini na nne. Usinielewe vibaya, leo sina mapenzi na wewe hata kidogo. Nasema kwa sababu mama mkwe hataweza kuuliza kila asubuhi habari za watoto wawili.

Nisalimie mama watoto, na umwambie nimepata ujumbe wake, ulinifariji. Nisalimie Perpetua na mumewe. Kaka yangu Kiprono atakuja kwa niaba yetu sisi wa Kericho, mpeni kiti mahali pa ndugu, msimpeleke nyuma ya hema na wapita njia. Mama mkwe mshikeni mkono kwa ajili yangu wakati wa kutupa udongo, na mumwambie mkamwana wake anampenda.

Nilikusudia kutia sahihi hapo. Nimeweka kalamu chini, nimekunywa chai, nimemsikia Oliver chumbani akifunga sanduku, na nimerudi mezani. Kuna jambo ambalo Oliver halijui, wala Audrey. Onyango mwenyewe alikufa bila kulijua.

Siku ile kwenye gari la damu, Harpreet alipomaliza kunibandika pamba mkononi, alisema wengi walioitwa hawakutokea na nafasi zimebaki. Akauliza, "What about your husband? Is he over fifty? I can book him in right now." Angemwandika papo hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Onyango kwenye gari letu, hatua ishirini kutoka pale, kichwa amekiegemeza kwenye dirisha, anasikiliza mpira wake.

Nikasema, "No. He's forty-nine."

Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuulizwa kwa nini kliniki imeandika vingine. Niliogopa pasipoti zetu, uraia wetu, barua za serikali. Harpreet alikuwa ameshika kalamu, na mimi huogopa kila mtu aliyeshika kalamu katika nchi hii. Lakini Shemeji, hata huo woga ulikuja baadaye. Jibu lilikuwa limeshatoka. Mdomo wangu ulikuwa umeuzoea umri ule kama unavyozoea jina. Harpreet akasikitika, akaniahidi mwakani: "Oh, shame. Next year, then." Nikamshukuru. Nikashuka ngazi zile tatu, nikaingia ndani ya gari, Onyango akaniuliza kama sindano imeuma, nikasema haikuuma.

Nimekulaumu kurasa zote hizi kwa jambo ulilofanya miaka thelathini na minne iliyopita, ulipokuwa kijana unayetafuta kipa, na hukujua litafika wapi. Mimi nilijua umri wake. Niliulizwa waziwazi na mtu mwenye sindano mkononi, na Onyango mwenyewe akiwa pale pale, mzima wa kutembea. Nikauficha, na sasa nafasi hiyo sinayo tena. Wewe una siku kumi, na fundi bado hajaandika kitu.

Mungu ampokee Onyango kwa umri wake halisi, na akufungue kinywa wewe.

Ni mimi shemeji yako, ambaye hata leo bado ni wako,

Gertrude Chepkoech
Mama Oliver